Mwekezaji anataka kuweka makontena ya betri jirani na shule yetu, Mkinga. Moto ukitokea nani anakuja?

#1 Kusi Kali

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mkinga, mkoa wa Tanga. Jina la kijiji naliacha kwa sababu jambo bado liko mezani na sitaki mtendaji wetu asumbuliwe na simu usiku kwa ajili yangu.

Iko hivi. Kuna kampuni imekuja kuomba eneo la kufunga sola, na pembeni ya sola wataweka makontena ya betri ili umeme wa mchana utumike usiku. Ramani wameibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Makontena yamechorwa kwenye kona ya barabarani, kwa kuwa laini ya umeme inapita hapo. Ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini, ni shule ya msingi. Nimekwenda kupima kwa miguu, kutoka kigingi chao chekundu hadi ukuta wa darasa la kwanza hazifiki hatua mia. Nyuma ya shule ni nyumba zetu, mabati kwa makuti.

Mimi sipingi mradi. Umeme wetu wingu likijikunja tu umekwenda, na unarudi siku unayotaka wenyewe. Lakini nimeona video za betri zinawaka Marekani, watu wanahamishwa majumbani. Kwenye kikao cha utambulisho nikauliza, moto ukitokea inakuwaje? Ofisa wao akajibu, "Hizi ni betri za kisasa, haziwaki." Watu wakapiga makofi.

Mkutano mkuu wa kijiji unakuja. Wenye ujuzi nisaidieni nikasimame nikiwa na la kusema.

#2 Kahawa Chungu

Siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Wajuzi tiririkeni.

#3 Mwanga Kwanza

Mkuu na wewe bwana. Kila kinachokuja Tanga lazima tukitafutie jini lake. Bomba la mafuta linatoka Hoima kilomita 1,443 linaishia Chongoleani, mbona mnalala?

Jua linazama saa kumi na mbili. Watu wanawasha taa, TV na pasi kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku. Bila betri hiyo sola inakusaidia nini muda huo? Sisi tunajivunia Hale megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68, yote maji ya mto Pangani, na ukame ukipiga wote tunajua kinachofuata. Wenzetu wameshaondoka. Malawi wana Golomoti, sola megawati 20 na betri ya megawati-saa 10 (yaani inaweza kutoa megawati moja kwa saa kumi), tangu 2022. Afrika Kusini, shirika lao la umeme Eskom walifungua betri ya megawati-saa 100 kule Worcester Novemba 2023. Huko hakuna watoto wa shule?

#4 Kusi Kali

Yakhe, watoto wapo. Mimi nauliza kontena liko umbali gani na watoto wa hapa. Na hilo la Chongoleani, nani kakwambia tunalala?

#5 Fundi Volti

Kazi yangu ni kufunga sola na betri, kubwa kwa ndogo. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Aliyewaambia haziwaki amewadanganya. Na atakayekuja kuwaambia zinalipuka kila wiki atakuwa anawadanganya pia.

Betri hizi ni za lithiamu. Kontena moja la futi 20 la siku hizi linabeba megawati-saa 5 hivi, mengine zaidi, na ndani yake kuna maelfu ya seli. Seli moja ikipata hitilafu, iwe kasoro ya kiwandani, kuchajiwa kupita kiasi, maji kupenya au waya kulegea, inaanza kupanda joto. Ikivuka kiwango fulani haihitaji tena umeme wa kutoka popote. Kemikali za ndani zinatoa joto, joto linazichochea kemikali, mpaka seli inapasuka na kumwaga gesi. Joto hilo linaichemsha seli jirani, nayo inafuata. Kuunyima hewa hakusaidii, maana moto unajilisha kutoka ndani. Gesi yenyewe ina haidrojeni, ambayo inalipuka, ina kabonimonoksaidi, na ina haidrojeni floraidi, ambayo inaunguza macho na mapafu.

Zipo aina mbili zinazotumika sana. Moja ina nikeli, manganizi na kobalti. Nyingine ni ya chuma na fosfeti, na hii inastahimili joto zaidi kabla ya kuharibika. Nadhani ofisa wenu alikuwa anaisifia hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoletwa sana sasa. Ni kweli ni nafuu kiusalama, lakini ikiharibika inatoa haidrojeni nyingi. Betri zilizolipuka Beijing Aprili 2021 zilikuwa za chuma na fosfeti, na askari wawili wa zimamoto walikufa.

Sasa upande wa pili. EPRI, taasisi ya Marekani ya utafiti wa umeme, inatunza kumbukumbu za matukio haya dunia nzima. Ukilinganisha matukio na kiasi cha betri kilichofungwa, kiwango kilishuka kwa asilimia 97 kati ya 2018 na 2023. Teknolojia imejifunza, tena kwa hasara za wengine.

Mfano ninaopenda kuwapa wateja ni Moss Landing, California. Mahali pamoja, miradi miwili jirani. Wa kwanza, wa megawati 300, betri zake zilipangwa ndani ya jengo moja kubwa, ukumbi wa zamani wa mitambo ya kufua umeme. Tarehe 16 Januari 2025 ukashika moto. Zaidi ya nusu ya betri za jengo lile ziliungua, barabara kuu ikafungwa, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa, na mwezi uliofuata mabaki yakawaka tena. Mradi wa jirani betri zake zimo kwenye makabati ya nje, kila moja peke yake, na nafasi katikati. Nao ulishika moto Septemba 2022. Likaungua kabati moja. Chanzo kilikuwa maji ya mvua yaliyopenya kwa sababu kinga ya juu haikufungwa sawasawa.

Kwa hiyo Kusi Kali, ukiitazama ile ramani usiulize tu ni betri ya nani. Tazama nafasi kati ya kontena na kontena, na kati ya kontena na watu.

Jingine linatuhusu sisi wa pwani. Korea Kusini walipata matukio 23 ya moto kuanzia Agosti 2017 hadi Mei 2019. Serikali yao ikaunda kamati, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ufungaji mbaya na mazingira ya unyevu na vumbi. Huku hewa ya chumvi inakula bati la dirisha ndani ya miaka michache tu. Mwulizeni mwekezaji kontena lake linazuiaje unyevu, na kiyoyozi kikifa Ijumaa jioni fundi anatoka wapi.

#6 Mwanga Kwanza

Asilimia 97. Uzi ufungwe, twende tukalale.

#7 Fundi Volti

Hiyo 97 ni ya dunia nzima, na sehemu kubwa ni miradi yenye wakaguzi wakali. Ya Mkinga itategemea nani alikaza nati na nani anatazama skrini saa nane za usiku.

#8 Bomba Refu

Nimestaafu kazi ya zimamoto. Nimesoma mpaka hapa, na lililonileta ni moja, mlango.

Arizona, Marekani, Aprili 19, 2019, mji unaitwa Surprise. Betri ndogo tu ukilinganisha na hizi, megawati-saa 2, ndani ya chumba kama kontena. Seli ikaharibika, mfumo wa gesi ya kuzimia moto ukafyatuka kama ulivyopangwa, lakini seli zikaendelea kuchemka na kumwaga gesi chumbani. Askari walifika wakapima hewa nje, wakasubiri kwa muda mrefu, vipimo vikashuka. Wakafungua mlango. Dakika chache baadaye chumba kikalipuka. Wanne waliumia vibaya. Hao ni watu wenye mafunzo, wenye mitungi ya hewa mgongoni na nguo za moto.

Sasa nirudi kwetu. Kijijini moto ukitokea anayefika kwanza ni nani? Vijana, na ndoo za maji na mchanga. Gari la zimamoto linatoka mjini, barabara ya lami halafu ya vumbi, na masika mnaijua wenyewe. Hamjasahau Msamvu, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta limeanguka, watu wanakimbilia, zaidi ya mia moja wakafa. Hakuna aliyekuwa amewafundisha wakimbilie upande wa pili. Kontena la betri linalofuka moshi mweupe litavuta watu vilevile, wengine kusaidia, wengine kupiga picha, na mmoja mwenye nyundo wa kuvunja kufuli.

Mkutanoni ningeomba kabla ya kitu chochote kijiji kizima kijue hili, mpaka watoto: moshi ukionekana hakuna anayesogea, hakuna anayefungua, mnaondoka kuelekea upande unakotoka upepo, mnapiga 114.

#9 Dagaa Mchele

Shikamoo mzee. Sasa hao zimamoto wakifika nao wanafanya nini, wanakaa kutazama?

#10 Bomba Refu

Marahaba. Ndiyo, mara nyingi wanatazama, na ndivyo inavyotakiwa. Lililoshika linaachwa liungue, maji yanapigwa kwenye makontena ya jirani yasipate joto. Australia, Julai 30, 2021, mradi wa Moorabool karibu na Geelong, betri ilishika moto ikiwa kwenye majaribio. Kipoza-joto kilivuja ndani, na kabati lenyewe lilikuwa limezimwa kwa hiyo halikuwa likiangaliwa kwa mbali. Upepo ulikuwa mkali, ukaulaza mwali juu ya paa la kabati la pili, nalo likaungua. Yalikuwepo makabati 212, yakaungua mawili, hakuna aliyeumia. Walilinda pale kwa siku kadhaa.

Maji ndiyo hesabu ngumu. Baraza la wakuu wa zimamoto Uingereza, kwenye mwongozo wao wa 2023, walitaka mradi uwe na uwezo wa kutoa maji lita 1,900 kwa dakika, kwa saa mbili angalau. Pigeni hesabu, ni lita 228,000. Kwa boza la lita 10,000 ni safari 23. Kwa simtanki za lita 5,000 ni matangi 46. Hapo kijijini kwenu mna nini?

Mwongozo huohuo ulianza na mita 25 kutoka kwenye jengo lenye watu, na mita 6 kati ya kontena na kontena. Na wale wana bomba la maji barabarani na gari linalofika haraka. Mimi shuleni nisingekubali mita 25, hata unipe mashahidi.

#11 Kusi Kali

Mzee, maji tuliyonayo ni kisima cha pampu ya mkono na kijito. Kiangazi kijito kinabaki madimbwi.

#12 Kahawa Chungu

Lita 228,000, na mimi hapa Ngamiani naoga kwa kidumu. Endeleeni.

#13 Mama Machungwa

Habari zenu wanangu. Mimi niko Muheza, nalima. Naona wanaume mmeng'ang'ana na moto, hakuna aliyeuliza maji yakishapigwa yanakwenda wapi.

Maji yaliyopita kwenye betri inayoungua yanabeba vitu. Yatateremka bondeni, bondeni kuna kijito, na kwenye kijito wanawake wanachota na mpunga unakunywa. Pale California majivu yalianguka kwenye kinamasi cha jirani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha San José State walipopima udongo wakakuta nikeli, manganizi na kobalti zimepanda. Fundi utasema zile ni betri za aina nyingine, sawa. Lakini huyo mwekezaji ameandika wapi ataleta aina gani? Leo anasema chuma na fosfeti, kesho meli imechelewa analeta nyingine.

Na nani atapima udongo wetu sasa, kabla? Maana ukija kulalamika baadaye utaulizwa, ulikuwaje mwanzo? Mkitaka kuwa na neno, chukueni sampuli za kisima na shamba kabla ya kontena la kwanza kushuka, nakala moja ikae kijijini.

#14 Fundi Volti

Shikamoo mama. Umegusa penyewe. Miradi iliyotulia inachimba bwawa la kukusanyia maji ya kuzimia moto, chini limetandikwa turubai zito lisivuje, na mfereji wenye lango la kufunga. Si ghali ukilinganisha na bei ya betri. Ni ghali tu ukiombwa baada ya kumaliza kujenga.

#15 Mwanga Kwanza

Sawa, nimewasoma wote na maswali ni ya maana. Ila jihadharini. Mkimpa mwekezaji orodha ndefu kama mahari ya mtoto wa mfalme anafungasha, anakwenda wilaya nyingine wasiouliza. Halafu tutarudi humu kuanzisha uzi wa umeme kukatika. Moshi wa kuni na koroboi unaingia kwenye vifua vya mama zetu kila siku ya Mungu na hakuna aliyeitisha kikao.

#16 Bomba Refu

Hilo la koroboi ni kweli. Lakini mwekezaji anayekimbia kwa kuulizwa maji ya kuzimia moto, mwache akimbie.

#17 Dagaa Mchele

Mkiwa mnabishana na makontena, huku baharini betri tunazo tayari. Taa za kuvulia dagaa siku hizi fundi anaunganisha seli za lithiamu zilizotoka kwenye laptopu mbovu, anazifunga na gundi ya karatasi, anazitia kwenye kidumu cha plastiki. Juzi moja imevimba mpaka kidumu kikapasuka, nahodha akaitupa majini. Hakuna aliyetuletea ramani wala kikao.

#18 Fundi Volti

Hiyo anzisha uzi wake, nitakuja. Na acheni kuzichaji ndani ya nyumba mnamolala.

#19 Kanzu Nyeusi

Nipite upande wa sheria, maana naona mnataka kwenda mkutanoni na hasira bila karatasi.

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Ikihamishwa kwenda ardhi ya jumla, yaani isiwe tena chini ya kijiji, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakwenda kwa Waziri. Hekta 250 ni kama ekari 618, kwa hiyo ulizeni ukubwa kamili mapema, pamoja na ekari za "awamu ya pili" ambazo huwa hazichorwi.

Mradi wa namna hii unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msimamizi ni chombo cha taifa cha mazingira, kilichozoeleka kwa jina la NEMC. Leseni ya kuzalisha umeme ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007, na OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, inaangalia wafanyakazi ndani ya uzio. Msikubali kuambiwa "hayo yatakuwa kwenye ripoti." Kwenye tathmini wananchi wanashirikishwa, na mahudhurio ya kikao cha chai na soda yanaweza kuwekwa kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Kila swali liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na jibu lake, na jina la aliyejibu. "Haziwaki" ingeandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa, yule ofisa asingeitamka.

Kuhusu fidia na bima, ombeni iandikwe kwenye mkataba nani analipa maji safi, matibabu na mazao iwapo watu watahamishwa hata kwa siku moja.

#20 Kusi Kali

Wakuu, mrejesho. Mkutano umefanyika leo chini ya mwembe, saa nne mpaka adhuhuri ikatukuta. Ofisa yuleyule alikuja, safari hii na mhandisi. Nilianza na mlango. Nikasimulia ile ya Arizona, nikauliza hapa kontena likifuka nani ana ufunguo na nani amekatazwa kuushika. Mhandisi, kwa haki yake, alijibu vizuri. Alisema betri ni za chuma na fosfeti, makontena yana matundu ya juu ya kutolea mlipuko, na wana ripoti ya kuunguza kontena kwa majaribio. Tukamwomba ripoti. Akasema ni siri ya mtengenezaji. Hapo wazee wakaguna.

Maji hawakuwa nayo kwenye mchoro kabisa. Wamekubali kurudi na mchoro wenye matangi, na wamekubali kufundisha kijiji na shule. Mtendaji ameandika yote, nilisimama nyuma yake nikaona kalamu inatembea.

Kulikozuka ugomvi ni kuhamisha makontena. Tulitaka yatoke pale barabarani yaende mwisho wa eneo, upande wa kusini. Kusi likivuma moshi bado utaelekea kwetu, lakini kutakuwa na mita zaidi ya mia sita katikati. Mhandisi akasema inawezekana, ni gharama ya kebo. Basi tukadhani yamekwisha. Akasimama mama mmoja akasema huko mwisho ndiko kijito kilipo, na minazi ya watu. Wenye minazi nao wakaamka, wanataka kujua fidia ni ya mnazi mmoja mmoja au ya shamba. Mwenyekiti akaahirisha.

#21 Mama Machungwa

Huyo mama mpeni kiti cha mbele kikao kijacho.

#22 Fundi Volti

Kati ya hayo mawili mimi ningechagua mwisho wa eneo, mbali na shule, kwa sharti la lile bwawa lenye turubai, na makontena yakae upande wa juu wa mteremko angalau mita mia kutoka kwenye kijito. Moshi huwezi kuujengea mfereji, maji unaweza. Na ripoti ya kuunguza si siri ya kiasi hicho. Kuna kipimo kinaitwa UL 9540A, watengenezaji wakubwa wanayo na huwapa wazimamoto na wakaguzi. Wakigoma kuipa kijiji, waambieni waipeleke zimamoto mkoani, zimamoto waje wawasomee.

#23 Mwanga Kwanza

Mita mia sita za kebo nene si pesa ndogo, nawaambia. Lakini sawa. Kikao kijacho lini? Mimi ni wa Maramba, nitakuja.

#24 Kusi Kali

Tarehe bado, wanasubiri mchoro mpya. Ukija pitia kwangu kwanza, mahindi ya kuchoma yapo. Kanzu Nyeusi, kama unaweza nitumie PM jinsi ya kuandika lile ombi la sampuli za maji, mtendaji amesema atalipeleka wilayani tukilileta limeandikwa.